Daktari wa Shoto

Hospitalini walimwita Bi Thibitisha, na yeye hakuwahi kukasirika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila daktari anayeomba kufanya kazi pale ni yule anayesema ndiye, amesoma alikosema amesoma, na anaweza kufanya anachodai anakiweza. Ofisi yake ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi wa chini, katikati ya stoo ya mashuka na chumba cha mafundi umeme, na madaktari wapya walizoea kupotea kabla ya kuifikia. Wakifika, humkuta mama wa makamo ameweka miwani juu ya kichwa na anaitafuta miwani hiyo hiyo mezani.

"Ukimpita huyo," madaktari waliambiana, "hata mbinguni utapita."

Kumbe hakuwa mkali. Alikuwa mdadisi, basi. Kuna watu wakikuta jambo lisiloeleweka hukasirika, wengine hulikimbia. Yeye hulisogelea kama mtoto anayesogelea shimo la panya. Mumewe, kinyozi aliyekuwa na duka mbele ya nyumba yao, alisema siku ya harusi alidhani anaoa mke mmoja, kumbe anaoa mke na kituo kizima cha polisi.

Mwaka ule daktari wa upasuaji wa hospitali, mzee aliyeitwa Babu Kisu, alishindwa na magoti. Mikono yake ilikuwa bado mizuri na akili haikuwa na kutu, lakini upasuaji ni kazi ya kusimama, na yeye alikuwa hawezi tena kusimama mpaka mwisho bila kuletewa kigoda. Alitangaza kwamba anastaafu. Wagonjwa wa ngiri, wa kidole tumbo, wa uvimbe, wakaanza kupelekwa hospitali nyingine, safari ya nusu siku kwa barabara mbovu. Daktari mkuu akawa mtu wa kutembea koridoni huku akijisemesha.

Ndipo likaja ombi la daktari mmoja wa upasuaji, mtu wa miaka arobaini na kitu. Bi Thibitisha alianza kazi yake kama kawaida. Chuo kilimthibitisha: alisoma kwao na akafaulu vizuri. Baraza la madaktari lilimthibitisha: leseni iko hai, hana shauri wala lalamiko. Hospitali kubwa alikofanya kazi miaka mingi ilisema aliondoka mwenyewe, kwa heshima. Pengo lilikuwa moja tu. Kati ya kuondoka hospitali kubwa na kuanza kazi kwenye hospitali ndogo alikokuwa sasa, ulipita zaidi ya mwaka, na hapo aliandika maneno matatu tu: "Mambo ya familia."

Mambo ya familia ni kama shuka, alijisemea Bi Thibitisha. Hufunika kila kitu.

Akapiga simu kwa watu waliomfahamu. Wa kwanza alikuwa profesa mstaafu aliyemfundisha kupasua. Mzee alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye.

"Yule kijana? Mkono wake wa kulia ule, mama, ni zawadi ya Mungu," alisema. "Kuna watu hushona ngozi ya binadamu kama wanaziba gunia. Yeye alishona kama mtu anayeomba radhi. Tena nakumbuka, nilimweka meza moja na binti mwenye shoto, viwiko vyao vikagongana muhula mzima. Akaja kunililia: profesa nihamishe, huyu dada ananipiga ngumi kila nikifunga fundo! Nikamwambia vumilia, dunia ina watu wa kila mkono."

Wakacheka wote wawili. Wa pili alikuwa muuguzi aliyesimamia chumba cha upasuaji katika ile hospitali ndogo, mwanamke wa sauti ya juu.

"Daktari wetu wa shoto! Kwa hiyo ni nyinyi mnaotuibia?"

Bi Thibitisha alishusha miwani kutoka kichwani. "Wa nini?"

"Wa shoto. Mbona tulijifunza upya kwa ajili yake! Kila kitu unampa upande wa pili, kila kitu unakipanga upande wa pili. Siku za mwanzo tulikuwa tunagongana kama mbuzi zizini. Lakini sasa hivi ukiniletea daktari wa kulia nitamwona kilema."

"Ana shoto kweli? Si kwamba hutumia mikono yote miwili?"

"Dada yangu, nimempa kisu mkononi zaidi ya mwaka. Sijawahi kukiweka kulia."

Bi Thibitisha alishukuru, akaagana naye, akabaki ameshika simu. Kwenye kazi yake alikuwa amekutana na wadhamini wa kila namna: wengine husifu mno, wengine hununa, wengine humsahau mtu kabisa. Lakini hakuwahi kusikia watu wawili waaminifu wakimwelezea mtu mmoja kwa mikono tofauti.

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa anafagia nywele.

"Labda profesa amezeeka," kinyozi akasema.

"Amekumbuka mpaka viwiko. Kichwa chake ni kizima."

"Basi mtu amehamia mkono mwingine."

"Mtu huhama mkono kama anavyohama nyumba?"

Kinyozi alitafakari, akachukua wembe kwa mkono wa kushoto, akajipaka povu na kuanza kujinyoa mbele ya kioo. Mkewe aliketi kwenye kiti cha wateja kumtazama. Wembe ulipanda shavu kama mlevi anapanda ngazi. Kufika kidevuni, kinyozi alipiga kelele, damu ikachora mstari kwenye povu.

"Hapana," alisema huku akijikandamiza na taulo. "Mtu hahami."

Walicheka, lakini baadaye mama wa watu hakucheka. Watu wa kazi yake walikuwa na kisa walichosimuliana, cha mtu aliyefanya kazi hospitalini miaka mingi kwa vyeti vya kaka yake marehemu. Vyeti vilikuwa vya kweli, chuo kilikuwa cha kweli, leseni ilikuwa hai. Aliyekuwa wa uongo ni mtu mwenyewe. Sasa akajiuliza: je, aliyesoma kwa profesa ni mmoja, na anayepasua kule hospitali ndogo ni mwingine? Mwaka ule uliofunikwa kwa shuka, ni nani aliyeingia chini yake, na ni nani aliyetoka?

Akamwita yule daktari aje kuthibitisha utambulisho wake, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kwa kila mwombaji.

Alikuja mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono, ingawa siku ilikuwa ya joto. Aliketi na mkoba mapajani, mkono wa kulia juu ya mkoba. Bi Thibitisha alimmiminia chai.

"Samahani, napokea kwa kushoto," alisema.

"Usijali. Chai haina ubaguzi."

Akampa kalamu aweke sahihi. Alisaini kwa kushoto, polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Bi Thibitisha alilinganisha uso wake na picha ya zamani. Masikio yalikuwa yale, kidevu kilikuwa kile. Lakini ndugu wa tumbo moja nao huchangia masikio.

"Daktari, mwaka ule baada ya kuacha kazi ulikuwa wapi?"

"Nimeandika."

"Umeandika mambo ya familia. Nauliza ulikuwa wapi."

"Kwa dada yangu."

"Ukifanya nini?"

Daktari alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta wa stoo. "Mama, kuna cheti kilichokosekana?"

"Hakuna hata kimoja."

"Basi?"

"Basi nakuuliza. Una ndugu wa kiume?"

Alishtuka. "Ninaye mmoja. Mdogo wangu."

"Anafanana nawe?"

"Watu husema hivyo. Anauza matairi. Samahani mama, matairi yanahusiana vipi na upasuaji?"

Daktari alishukuru kwa chai, ambayo alikuwa ameinywa nusu, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto akaondoka. Alikuwa na adabu, na alikuwa na hofu. Bi Thibitisha aliyaona yote mawili na hakujua lipi lina uzito zaidi.

Daktari mkuu alimfuata siku iliyofuata, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama, nina watu wanatembea na ngiri za ukubwa wa ngumi. Vyeti vyake ni vya kweli?"

"Ni vya kweli."

"Leseni?"

"Iko hai."

"Sasa tunangoja nini?"

"Vyeti nimevithibitisha. Mtu bado."

Daktari mkuu alijifuta paji la uso. "Kamati inakaa wiki ijayo. Mgonjwa hapasuliwi na udadisi wako."

"Hapana," alikubali Bi Thibitisha. "Lakini nisingependa apasuliwe na muuza matairi."

Daktari mkuu akaenda zake. Bi Thibitisha akainua simu tena na kumtafuta yule muuguzi wa sauti ya juu. Safari hii hakuuliza habari za kazi. Aliuliza habari za mtu: anakaaje, anacheka, mwisho wa juma huwa wapi.

"Ah, Jumamosi humpati. Huenda kwa shemeji yake, mume wa dada yake, ule mji ulio kabla ya huku kwetu. Wana karakana ya ngozi karibu na kituo cha basi. Akirudi Jumatatu vidole vimetobolewa kama amepigana na nungunungu. Ukimuuliza anasema, nilikuwa kwenye mpira."

Jumamosi ile Bi Thibitisha alivaa viatu vya kutembelea. Akamkuta mumewe nje, duka limefungwa na yeye amevaa kofia.

"Wewe waenda wapi?"

"Uendako wewe. Hadithi ya kusimuliwa ni kiporo, mke wangu. Mimi naitaka ya moto."

Karakana haikuwa ngumu kuipata. Harufu ya ngozi na nta iliwapokea kabla ya mlango. Darini ilining'inia mipira ndani ya nyavu, na ukutani mikoba, mishipi, na ala za visu. Mwenye karakana alikuwa pande la mtu, aproni imemkaa tumboni kama ngoma.

"Karibuni! Mpira, mkoba, au mnauliza njia?"

Kabla mkewe hajajibu, kinyozi alishaushika mpira mmoja na kuugeuza geuza. Ni kweli mume wa mdadisi naye huambukizwa. "Hivi huu unafungwaje?" aliuliza. "Naona mishono yote iko ndani. Wa mwisho unaushonaje na ndani hakuingiliki tena?"

Fundi alifurahi kama aliyeulizwa habari za mwanawe. "Hapo ndipo fundi na mbabaishaji wanapoachana. Unaushona mpira nje ndani, unaugeuza, unabaki na tundu dogo. Lile unalifunga kwa kupapasa. Macho hayasaidii, sindano inaingia gizani na kidole ndicho kinachoona. Mimi siku hizi simfungii mtu mpira. Shemeji yangu ananishinda. Yule pale."

Wakageuka. Nyuma ya karakana, chini ya dirisha, yule daktari alikuwa ameketi na mpira katikati ya magoti. Hapa alikuwa amekunja mikono ya shati. Mkono wa kulia ulikuwa umeushikilia mpira, na kutoka juu ya kiwiko mpaka katikati ya mkono lilishuka kovu pana linalong'aa, limepinda kama njia ya konokono. Mkono wa kushoto ulikuwa na sindano, ukiingia kwenye lile tundu na kutoka, bila haraka, bila kukosea. Uso wake aliuinua juu na kuyafumba macho nusu, kama anayesikiliza.

Alipoyafumbua akawaona. Sindano ikasimama.

"Mama," alisema. "Umenifuata mpaka huku."

"Nimefuata swali, daktari. Wewe nimekukuta tu."

Dada mtu alitoka ndani, akaona nyuso zilivyo, akaleta vigoda bila kuuliza. Kisha daktari akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, akajaribu kukutanisha kidole gumba na cha shahada. Vilikaribiana, vikatetemeka, vikashindwa.

"Ajali ya gari," alisema. "Kioo kilinikata mshipa wa fahamu. Wenzangu waliushona vizuri, nawashukuru. Nashika mkoba, nashika usukani, nasalimia watu. Lakini uzi sishiki. Daktari wa upasuaji asiyeshika uzi ni nani?"

"Ni mgeni asiyeondoka," shemeji yake akadakia, na dada mtu akamkata jicho. "Lakini si kweli? Alikuja hapa akalala akielekea ukutani. Chakula analetewa, anakirudisha. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikamrushia mpira uliofumuka. Nikamwambia shemeji, ugonjwa nimeukubali, ila ukuta wangu umeutazama vya kutosha. Shona. Akasema mkono wangu haufanyi kazi. Nikamwambia unao mwingine, huo unamwekea nani?"

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mpira wa kwanza ulitoka kama boga. Watoto wa mtaa waliupiga mara moja wakaurudisha, wakasema mjomba, huu unaenda unakotaka wenyewe."

Akawaeleza jinsi alivyoshona mpaka mkono wa kushoto ukaacha kuwa mgeni. Alianza kwa sindano nene na uzi wa nta, akashuka mpaka sindano nyembamba, kisha akaomba nyama buchani akawa anashona hiyo. Akajifunza kuandika, kunyoa, kufunga fundo ndani ya kikombe bila kugusa ukingo. Kisha akaenda kwenye hospitali ndogo, kwa daktari mzee aliyewahi kufanya kazi naye, akamweleza ukweli. Mzee alimsimamia meza moja, kazi ndogo kwanza, miezi mingi, mpaka akamwachia. Wauguzi hawakuambiwa kitu. Walidhani amezaliwa hivyo.

"Na sisi mbona hukutuambia?" aliuliza Bi Thibitisha.

"Kabla yenu niliomba hospitali mbili, nikasema wazi. Hawakunijibu hata kwa kunikataa. Nikitaja mkono, mama, watu hawasikii neno la pili." Alikunjua mkono wa shati, akaufunga kifungo kwa kushoto, haraka, bila kutazama. "Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri wewe ni mdogo wako."

Daktari aliangua kicheko, kicheko kilichomtoka mpaka machozi, na dada yake naye akacheka, kisha shemeji, aliyetaka aelezwe. Alipoelezwa alisema, "Yule? Yule hata kucha zake hawezi kukata!"

Kicheko kilipokwisha, Bi Thibitisha alikuwa bado anautazama ule mkono wa kushoto. Hofu ya kudanganywa ilikuwa imemtoka. Mahali pake palikuwa pameingia swali jingine, kubwa zaidi, ambalo chuo wala baraza wasingeweza kumjibu: mkono huu unaweza nini, na hauwezi nini?

"Daktari," alisema, "siwezi kulificha hili."

"Najua."

"Wala sitakusemea. Kamati inakaa wiki ijayo. Njoo useme mwenyewe, kisha nitawaomba wasikupe kila kitu na wasikunyime kila kitu. Wakuangalie. Mkono wa mtu hauthibitishwi kwa simu."

"Na wakikataa?"

Bi Thibitisha alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakupenda kuahidi asichokuwa nacho. "Wakikataa utaumia. Lakini wakikukubali hivi ulivyojificha, kila siku ukivaa glovu utakuwa unawaza nani ameona. Hiyo nayo si kazi."

Daktari aliurudia mpira wake, akaendelea kushona. Njiani kwenye basi kinyozi alipakata mpira alioununua, akawa anaupapasa kutafuta mshono wa mwisho. Hakuupata.

Kamati ilipokaa, daktari alikuja amevaa shati la mikono mifupi.

Walikuwa watu sita kwenye meza ndefu, Babu Kisu akiwa amenyoosha mguu juu ya kiti cha pili. Daktari alisimulia yote bila kupamba. Bi Thibitisha akaongeza jambo moja tu: kwamba alishazungumza na yule mzee wa hospitali ndogo, na kwamba mzee amekiri kumsimamia na yuko tayari kuulizwa lolote. Daktari mkuu alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi, akafungua, akakuta ni kazi ya nyumbani.

Aliyeuliza swali gumu alikuwa daktari wa usingizi, mwanamke mtulivu aliyezungumza kwa nadra. "Mshipa umepasuka ghafla," alisema. "Damu inaruka, hakuna wakati wa kuwaza. Mkono gani unakimbia kwanza?"

Daktari aliitazama mikono yake miwili juu ya meza.

"Zamani ulikimbia wa kulia," alisema mwishowe. "Baada ya ajali ulifika ukakuta kazi inaushinda. Sasa hukimbia wa kushoto. Lakini nisikudanganye: kuna siku naona wa kulia bado unashtuka. Haujafika, ila umeshtuka."

Daktari wa usingizi aliandika kitu, akasema, "Asante. Ungeniambia haushtuki kabisa ningekupinga."

Walibishana muda mrefu. Mmoja alisema hospitali si karakana. Mwingine akasema hospitali ni karakana hasa, tofauti ni kwamba mpira haulalamiki. Mwisho walikubaliana: ataanza na ngiri na uvimbe wa juu juu, Babu Kisu akiwa chumbani kwenye kigoda chake. Baadaye kidole tumbo, kisha makubwa, kila hatua kwa idhini ya mzee huyo. Dharura za mishipa mikubwa zisubiri kabisa.

"Kwa hiyo nistaafu au nisistaafu?" Babu Kisu aliuliza.

"Staafisha magoti," daktari mkuu akasema. "Macho bado tunayahitaji."

Bi Thibitisha aliomba aruhusiwe kuuona upasuaji wa kwanza. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo, wala hakuna iliyomkataza, maana hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu wa ofisi ya vyeti angetaka kuingia. Alivishwa gauni la kijani, kofia na barakoa, akasimamishwa pembeni na kuambiwa asiguse chochote, hasa kama kinang'aa.

Mgonjwa alikuwa seremala mwenye ngiri. Wauguzi walikuwa wamepanga vifaa upande wa pili, na mmoja aliyesahau akanyoosha mkasi kulia. Ulining'inia hewani mpaka daktari akasema kwa upole, "Huku, dada." Bi Thibitisha alitazama ile mikono. Wa kulia ulitulia juu ya tumbo la mgonjwa, ukivuta ngozi, ukishikilia, ukingoja, msaidizi asiye na makuu. Wa kushoto ulifanya kazi. Babu Kisu aliinamia mbele kwenye kigoda, kidevu juu ya fimbo. Mwanzoni alikuwa akisema "taratibu" na "sawa, hapo." Kisha akanyamaza. Walipofika kwenye kushona alisimama, magoti yakamlalamikia, akachungulia kwa karibu.

"Nani kakufundisha hili fundo?" aliuliza.

"Shemeji yangu."

"Ni fundo la wapi?"

"La mipira."

Babu Kisu alilitazama tena, akakaa. "Nikumbushe baadaye unionyeshe," alisema.

Seremala alirudi nyumbani kwake akitembea. Wakafuata wengine. Magari ya kwenda hospitali ya mbali yalipungua, na daktari mkuu akaacha kujisemesha koridoni. Ilipopita nusu mwaka, Babu Kisu aliidhinisha upasuaji wa tumbo, na miezi kadhaa baadaye akahama kigoda na kwenda kulima mboga nyuma ya nyumba yake, kazi ambayo alisema mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa.

Mwaka ulipotimia, ulifika wakati wa kupitia upya ruhusa za kila daktari. Hiyo ni siku ambayo Bi Thibitisha aliizoea kwa mabishano, kwa sababu kila daktari huja akitaka kuongezewa. Daktari wa shoto alifika ofisini akiwa amekunja mikono ya shati, akaketi, akapokea chai.

"Kamati iko tayari kukuongezea," alimwambia. "Hata mishipa mikubwa, kama unataka. Daktari wa usingizi mwenyewe ndiye aliyependekeza."

"Mishipa mikubwa sitaki."

Bi Thibitisha alishusha miwani. "Umeshindwa mahali?"

"Hapana. Wiki iliyopita alikuja mtu wa ajali, nikaita gari la kumpeleka mbali huku nikiwa nimemzibia damu. Alifika, yuko hai. Nilijua nikianza ningeweza kumaliza. Labda. Pia nilijua kuna mtu kule ambaye kwake hakuna labda." Aliweka kikombe chini. "Na mkishika kalamu, kuna upasuaji mmoja mlinipa wa mirija midogo ya nyongo. Ufuteni."

"Hakuna aliyelalamika."

"Hakuna. Lakini siku hiyo huwa silali usingizi, na mkono unajua kwa nini."

Miaka yote ile Bi Thibitisha alikuwa ameona madaktari wakiomba, wakidai, wakinuna, hata mmoja akilia. Hakuwahi kumwona anayekuja kupunguziwa. Alivuta kiti chake karibu na meza.

"Kwa nini ule na si mwingine?" aliuliza. "Nieleze polepole. Mkono unahisi nini?"

Daktari alinyoosha vidole vya kushoto mezani, akaanza kumweleza, na chai ikapoa.